Aisilandi Imeniponza

Jumatatu, 2 Juni

Kikao cha walimu. Mwalimu Mkuu katangaza Siku ya Mataifa, Jumamosi ya wiki ijayo. Kila darasa litaonyesha nchi moja ya Ulaya: utamaduni wake na mambo yake ya kushangaza. Mgeni rasmi ni Mkaguzi wa elimu. Mwalimu ambaye darasa lake litang'ara ndiye atakayekalia kiti cha Mkuu wa Taaluma, maana mwenye nacho anastaafu. Na kiti chenyewe kinazunguka! Nimeshakikalia mara kadhaa mwenyewe akienda kunywa chai.

Tukachagua nchi kwa vikaratasi. Mwalimu wa darasa la tano, ambaye sote tunamwita Mwalimu Gundi kwa sababu hakuna kitu ambacho hajawahi kukibandika juu ya kingine, akachomoa Uholanzi. Vinu vya upepo, maua, baiskeli. Vyote vinabandikika! Mimi nikachomoa Aisilandi. Walimu wakacheka. Mwalimu wa hesabu akaniuliza kama nitaleta barafu kwenye ndoo.

Kiti sikitaki kwa fahari tu, ingawa fahari nayo naitaka. Mama mkwe yuko kwetu tangu jana. Mwenyewe anasema kaja kutusalimia. Mke wangu kaninong'oneza jikoni kwamba kaja kukagua malezi. Akiona mjukuu wake hapati adabu katika nyumba hii, atakaporudi kwake anaondoka naye, akasomee huko. Mjukuu ndiye binti yetu wa pekee. Tunamwita Kasuku kwa sababu hurudia kila anachokisikia. Yuko darasani kwangu, la nne. Nyumba bila Kasuku! Hata kuifikiria sitaki.

Mama mkwe hasemi nami moja kwa moja. Ni heshima, si ugomvi. Humwambia mke wangu, mke wangu huniambia mimi, hata tukiwa watatu mezani. Jana alimwambia mke wangu aniambie kuwa ninatafuna kwa kelele. Nikaomba radhi kwa njia hiyohiyo.

Azimio: nikiwa Mkuu wa Taaluma, nani atathubutu kusema nimeshindwa kulea mtoto mmoja?


Jumatano, 4 Juni

Somo la kwanza la Aisilandi. Limeanza vibaya. Nikawaambia watoto kwamba Aisilandi haina jeshi. Kimya. Nikawaambia haina treni. Kimya. Yule kijana wa dawati la mbele tunayemwita Wakili akainua mkono na kuuliza kama leo tutasoma tu vitu ambavyo Aisilandi haina. Kisha akauliza kama nimewahi kufika huko. Nikajibu kwamba nilikaribia. Si uongo: niliwahi kumsindikiza binamu yangu hadi uwanja wa ndege.

Nikaongeza kwamba watoto wachanga wa huko hulazwa nje kwenye baridi, ndani ya vigari vyao, wapate usingizi mzuri. Wasichana wawili wakaingiwa na huruma, wakataka tuwapelekee mablanketi. Somo likageuka kikao cha msaada.

Nikaona mambo yanakwenda mrama. Nikatoa silaha yangu ya mwisho. Nikasema: huko watu wengi hawana majina ya ukoo. Mtu huitwa jina lake, kisha mwana wa fulani au binti wa fulani, basi. Hata kitabu cha simu kimepangwa kwa majina ya kwanza. Na kila mtu huitwa kwa jina lake la kwanza. Mwalimu. Daktari. Hata rais!

Darasa likavuta pumzi kwa pamoja. Sijawahi kuona macho makubwa namna ile. Wakauliza: hata bibi? Hata bibi. Hata mwalimu? Hata mwalimu. Wakili akauliza: hata wewe?

Hapo ndipo kichwa kilipovimba. Nikawaruhusu kwa kipindi kimoja tu. Mwanzoni waliona haya, wakaziba midomo. Baadaye jina likaja kama mvua. Watoto arobaini wakiniita kwa jina alilokuwa akiniita marehemu mama yangu akiwa na hasira! Nilijisikia nimesimama mbele yao bila suruali. Mmoja akaniita kwa jina akanijulisha kwamba nina chaki kwenye makalio.

Hata hivyo, hakuna aliyesinzia. Mwalimu Gundi alipita dirishani, akachungulia, akaenda zake na katoni yake. Niliona wivu usoni mwake. Au labda ilikuwa gundi.


Ijumaa, 6 Juni

Maji yamenifika shingoni.

Asubuhi kulikuwa na wazazi watatu mbele ya ofisi ya Mwalimu Mkuu. Wa kwanza mwokaji mikate. Anasema aliamka alfajiri kwa kusikia sauti nje ya mlango ikimwita kwa jina lake kamili la kuzaliwa, akadhani ni polisi, akaruka dirisha la nyuma. Alikuwa ni binti yake akitaka kusainiwa daftari. Wa pili muuguzi. Mwanawe kamwita kwa jina mbele ya wagonjwa, na sasa wagonjwa nao wanamwita hivyo. Wa tatu ni babu yake Wakili.  Alikaa tu na fimbo yake, akinitazama.

Nikajificha chumba cha vifaa mpaka kengele ilipolia. Sioni fahari.

Lakini la nyumbani ndilo lililoniua. Chakula cha jioni. Kasuku kageuka, kamtazama bibi yake kwa upendo wote, kamwita kwa jina lake la kwanza, akaomba apitishiwe chumvi.

Kijiko cha mama mkwe kikaanguka. Jina lile silitaji. Hata humu ndani silitaji, na shajara hii ina kufuli. Mimi mwenyewe katika miaka yote ya ndoa sijawahi kulitamka. Mke wangu akanikata jicho. Mama mkwe akamwambia mke wangu aniambie kwamba angependa kujua mtoto kalitoa wapi jambo hili. Nikamwambia mke wangu amwambie kwamba ni mtaala.

Mama mkwe akasema, safari hii bila kumtuma mtu, ila akikitazama kikombe, kwamba kwake kuna shule nzuri tu na hakuna mtaala kama huo. Nikajisikia vibaya kwelikweli.  Nikatafuna chakula polepole, bila kelele.

Nimemkalisha Kasuku chini. Nimemwambia mambo ya Aisilandi yanabaki shuleni. Akauliza kama ni kwa sababu nimeogopa. Nikasema watu wazima hawaogopi. Akaenda kumwambia bibi yake kwamba baba anasema watu wazima hawaogopi.


Jumatatu, 9 Juni

Mwalimu Mkuu kaniita. Niliingia nikitarajia kufukuzwa. Kumbe kaelewa vingine kabisa! Anasema hajawahi kuona wazazi wakilizungumzia somo kiasi hiki, na kwamba hata Mkaguzi keshasikia na anangoja kwa hamu darasa la nne. Akanipiga bega. Nikatoka nikitembea kwa vidole.

Nikaona nikapime nguvu ya adui. Saa ya mapumziko nikanyatia darasa la tano. Hapakuwa na mtu. Katikati ya chumba kimesimama kinu cha upepo kirefu kunishinda mimi, na mbele yake bustani nzima ya maua ya karatasi. Kuna feni ndogo nyuma yake. Ukiwasha, kinu kinazunguka! Baridi ikaniingia moyoni.

Sikukusudia kuharibu. Nilitaka tu kuona kama feni inaweza kugeuzwa ikaelekea upande mwingine. Nikaegemea kwenye maua. Gundi ilikuwa bado mbichi. Nilipotaka kuondoka, kiwiko hakikutaka. Nikavuta. Kinu kikalia. Nikavuta tena, nikatoka, na ua jekundu likatoka nami.

Mlangoni nikakutana na Mwalimu Gundi. Akanitazama mkono, akatazama bustani yake, akasema kwa upole mkubwa kwamba ua linanipendeza na ninaweza kubaki nalo. Wala hakupiga kelele. Heri angepiga! Nimefundisha vipindi vitatu vya mchana na ua kwenye kiwiko, kwa kuwa gundi yake ni ya kweli. Watoto wakauliza kama ni utamaduni wa Aisilandi. Nikasema ndiyo. Jioni nikaona aibu, nikaamua kesho niwaambie ukweli: ni gundi tu.


Alhamisi, 12 Juni

Mpango mkubwa umekamilika. Beji!

Kila mgeni atakayeingia Jumamosi atabandikwa beji yenye jina lake la kwanza tu. Hakuna mheshimiwa, hakuna daktari, hakuna mama fulani. Ukumbi mzima utakuwa Aisilandi. Gundi na kinu chake watabaki wakijipepea.

Majina nimeyapata kwa karani wa shule. Ya wazazi alinipa bila shida. Nilipomwomba la Mwalimu Mkuu, akafunga kabati. Akasema hilo jina yeye hajawahi kulitamka na ana watoto wa kusomesha. Nikambembeleza. Akafungua faili, akanionyesha, akageuka ukutani nikisoma.

Masikini Mwalimu Mkuu. Jina lake ni miongoni mwa majina yale ambayo wazazi huwapa watoto wakiwa wamechoka sana. Sasa nimeelewa kwa nini miaka yote hii husaini kwa herufi moja. Nikajiuliza kama niache. Nikajijibu kwamba mtu hawezi kuwa Aisilandi nusunusu.

Beji nimeziandika mwenyewe, kwa hati yangu kubwa yenye mikia. Wakili alikuwa akizihakiki. Akauliza ya bibi yake Kasuku iko wapi. Nikamwambia bibi haji, magoti yanamsumbua. Akasema kama mwalimu anaogopa kuandika beji moja, babu yake naye asilazimishwe kuvaa. Watoto wote wakanitazama. Kasuku alinitazama pia.

Basi nikaandika. Nilifunga mlango kwanza! Herufi ya kwanza ikatoka na mikia miwili. Mkwe mtu mzima, naandika jina la mama mkwe kwa kalamu ya wino mzito, likauke lionekane mbali. Nikaitumbukiza chini kabisa ya sanduku. Nitaitoa Jumamosi kabla ya wageni. Magoti yanamsumbua, haji.


Jumamosi, 14 Juni

Naandika nikiwa bafuni. Nimejifungia. Nimefungua bomba ili wadhani ninaoga.

Alikuja.

Nianze na Mwalimu Mkuu. Aliingia na mkewe na Mkaguzi, suti nzuri, kifua mbele. Msichana wetu wa mapokezi akambandika beji na kumkaribisha kwa jina, kwa sauti ya kufika nyuma.  Kisha nyuma kabisa mtu akacheka puani, na baada ya hapo hakukuwa na wa kuwazuia. Mkewe akaisoma beji, akamuuliza huyo ni nani. Miaka yote ya ndoa hakuwahi kuambiwa! Mwalimu Mkuu akawa mdogo ndani ya suti. Nikatamani ardhi ipasuke initie ndani. Nilikuwa natafuta jinsi ya kuifunika beji yake kwa ratiba, ndiyo sababu sikuutazama mlango.

Mlangoni zamu ya kubandika beji ilikuwa imemfikia Kasuku.

Mama mkwe kaingia akiegemea mkono wa mke wangu. Kavaa nguo zake za sherehe. Kumbe kajikaza kuja kumwona mjukuu. Kasuku akafurahi mpaka akaruka. Akaingiza mkono kwenye sanduku, akapekua mpaka chini, akaitoa ile beji niliyosahau kuiondoa, akambandika bibi yake kifuani, akamkaribisha Aisilandi kwa jina lake.

Mama mkwe akainamisha kichwa, akaisoma. Akaisoma tena. Mke wangu alikuwa amefumba macho.

Safari hii mama mkwe hakumtuma mtu. Akauliza, taratibu, "Hii kaiandika nani?"

Kasuku akanitazama. Nilikuwa pale pale, hatua chache tu. Akangoja. Najua alikuwa akinisubiri mimi. Nami nikajitia hamnazo. Nikatazama dari kama fundi aliyeitwa kukagua paa.

Kasuku akasema, "Mimi, Bibi."

Na mimi nikaendelea kutazama dari.

Sina la kuandika zaidi kuhusu hilo. Nimewahi kuaibika mara nyingi, lakini zile nyingine zilikuwa za kuchekesha. Mtoto wangu kasimama mbele ya watu, kabeba kosa langu kwa mikono yake midogo, na mimi mwanaume mzima, mwalimu, nikamwacha alibebe.

Uholanzi imeshinda. Kinu kilizunguka bila kukwama. Mkaguzi alipiga makofi akiwa amesimama. Mama mkwe alikaa hadi mwisho bila kuibandua beji, akitazama mbele. 

Mke wangu anagonga. Anasema maji yanaisha kwenye tangi.


Jumapili, 15 Juni

Asubuhi nikamkuta Kasuku uani akiruka kamba. Nikamuuliza kwa nini alisema yeye. Akasema kwa sababu yeye husamehewa haraka. Kisha akaniuliza kama nataka kuruka. Nikaingia ndani.

Mlango wa chumba cha Kasuku ulikuwa wazi. Mama mkwe amekaa kitandani, begi liko miguuni, anakunja magauni ya Kasuku moja moja na kuyapanga ndani. Lile la njano lilikuwa limeshaingia. 

Mke wangu kaenda sokoni. Maana yake hakuna wa kupitishia maneno! Nikasimama mlangoni kama mtuhumiwa asiye na wakili. Sikuweza kumsemesha mama mkwe moja kwa moja, na sikuweza kuondoka. Macho yakaangukia kabati la nguo.

Nikalisemesha kabati. Nikaliambia kabati kwamba beji niliiandika mimi. Kwamba mtoto hana kosa. Kwamba mambo yote yale niliyafundisha mimi kwa sababu ya kiti kinachozunguka. Kwamba jana nilitazama dari na nimeona haya mpaka sasa siwezi kuitazama dari yoyote. Nikaliambia kama kuna mtu wa kuadhibiwa ni mimi, lakini Kasuku aachwe, maana nyumba hii bila yeye sitaijua. Sauti ilinitoka vibaya mwishoni. Nililia kidogo. Kabati lilivumilia.

 Kisha mama mkwe naye akaligeukia kabati.

"Kabati, mwambie huyo nilijua tangu jana. Mtoto wa darasa la nne haandiki herufi zenye mikia kama ng'ombe." Akakunjua gauni la njano. "Mwambie nilikuja kutazama kama mtoto huyu anapata malezi. Mtoto anayemsitiri baba yake mbele za watu keshalelewa. Mama yake kafanya kazi nzuri."

Nikaliambia kabati lishukuru sana. Nikaliambia na jingine nikalisahau katikati. Furaha! Kasuku anabaki!

Mama mkwe akatoa magauni yote, akayarudisha mahali pake. Kisha akavuta begi lake mwenyewe, ambalo lilikuwa limefungwa tayari kwa safari ya kesho, akalifungua, akaanza kutundika nguo zake ndani ya kabati lile lile. Akaliambia kwamba katika nyumba hii yuko mmoja ambaye hajalelewa bado, na yeye hana haraka. Atakaa mpaka aone mabadiliko.


Jumatano, 18 Juni

Nimebadilika kabisa. Niandike hapa ili ibaki: sitaonyesha tena utamaduni wa mtu yeyote kwa kumtumia mtu mwingine.

Mwalimu Gundi ndiye Mkuu wa Taaluma. Nilipita ofisini kumpongeza, nikamkuta kitini, anazunguka taratibu. Mwalimu Mkuu nimemwomba radhi. Alisikiliza akiwa amegeukia dirisha, kisha akanikabidhi usimamizi wa vyoo vya wavulana. Nimepokea kwa mikono miwili. Ninastahili. Aibu bado haijanitoka. Nikipita karibu na mwokaji ninavuka barabara.

Nyumbani ninalelewa. Leo mama mkwe kamwambia mke wangu aniambie niketi wima. Nimeketi wima. Kasuku ananicheka chini ya meza.

Jambo moja tu. Mwezi ujao kuna siku ya michezo, na Mwalimu Gundi kaomba mawazo kwa mbio za wazazi. Nikiwa natafuta kitu kingine kabisa, nimesoma kuhusu Ufini. Sikuwa natafuta! Huko wana mashindano ambapo mwanaume humbeba mke wake mgongoni akakimbia naye, akaruka magogo, akapita kwenye maji. Watu husafiri kutoka nchi nyingine kwenda kushindana. Watoto wataangua vicheko! Nani atakikumbuka kinu?

Nilimgusia mke wangu. Akanitazama kwa muda mrefu, akaendelea kuchambua mchele. Basi nikasoma kanuni vizuri, na kanuni ziko wazi: si lazima abebwe mke wako. Anaweza kuwa jirani. Anaweza kuwa mtu yeyote, mradi ni mtu mzima.

Mama mkwe ni mwepesi kuliko mke wangu. Nimemtazama akitembea na sina shaka. Na wala hatutalazimika kusemeshana, maana atakuwa mgongoni.

Amesinzia kitini barazani. Sitamwamsha. Nitakiinua kiti kidogo tu, kwa nyuma, nikadirie uzito.